Viluwiluwi kumi

Mwaka 1949, pale Eton, Uingereza, mwalimu wa baiolojia alimwandikia mwanafunzi wake ripoti ya kuvunja moyo. Kijana alikuwa ameshika mkia kati ya wanafunzi 250, na ndoto yake ya kuwa mwanasayansi, kwa maoni ya mwalimu, ilikuwa kichekesho na kupotezeana muda. Kijana huyo ni John Gurdon. Ripoti ile aliitia kwenye fremu, akakaa nayo ofisini hadi uzeeni.

Kisa hiki hupendwa, na wengi huishia hapo. Mimi kinachonivuta ni swali alilokwenda kulishika. Wewe ulianza ukiwa seli moja. Leo una seli za ini, za ngozi, za ubongo. Je, seli ya ini ilipokuwa ya ini, ilitupa maelekezo ya kutengeneza jicho, au inayo bado ila haiyasomi? Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani August Weismann aliamini maelekezo hugawanywa kama urithi wa marehemu: kila mtoto anaondoka na chake, hakuna anayebaki na shamba zima.

Mwaka 1952, kule Philadelphia, Robert Briggs na Thomas King walichukua viini vya seli za kiinitete cha chura wakavipandikiza kwenye mayai yaliyoondolewa viini vyake. Viini vya seli changa vilitoa viluwiluwi. Kadiri seli zilivyokomaa, majaribio yalishindwa. Ikaonekana Weismann hakukosea sana.

Gurdon, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alitumia chura mwingine, Xenopus laevis kutoka Afrika. Chura huyu alikuwa keshazoeleka kwenye maabara za Ulaya kwa sababu ndiye aliyekuwa kipimo cha mimba: unamdunga sindano ya mkojo wa mwanamke, akitaga mayai, basi mama ni mjamzito. (Nani angewaza kwamba yeye ndiye angetatua ugomvi wa Weismann!) Gurdon aliua kiini cha yai kwa mionzi ya urujuanimno, akaingiza kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi ambaye tayari alikuwa anakula. Matokeo yalichapishwa 1962. Kati ya viini 726 alivyopandikiza, alipata viluwiluwi 10 wazima.

Kumi tu! Haifiki hata asilimia mbili, na wenye mashaka hawakukosa la kusema: huenda hizo kumi zilikuwa seli changa zilizojificha utumboni. Hoja nzito, na ilichukua miaka kuijibu. Lakini tazama uzito wa namba hiyo ndogo. Mashindwa 716 yanaweza kuwa ni mkono kutetemeka tu au kiini kuumia. Kiini kimoja cha utumbo kikijenga moyo na macho, shamba halikugawanywa.

Sasa nani anaamua kipi kisomwe? Mwaka 1961, Paris, François Jacob na Jacques Monod walikuwa wameonyesha, kwa bakteria, kwamba kuna kitu kinachoizuia jeni isifanye kazi. Mwaka 1987 kundi la Harold Weintraub, Marekani, liliingiza jeni moja, MyoD, kwenye seli za panya zisizo za misuli. Zikawa misuli. Ndiyo maana mfano wa “kitabu cha uhai” hunikera kidogo: kitabu gani kimeandika ndani yake msomaji wake mwenyewe? Protini inayochagua ukurasa imeandikwa kwenye kurasa zile zile.

Shinya Yamanaka alizaliwa 1962, mwaka wa wale viluwiluwi kumi. Mwaka 2006, Kyoto, yeye na Kazutoshi Takahashi walianza na jeni 24, wakapunguza hadi nne, nazo zikairudisha seli ya kawaida ya panya kwenye hali ya utoto, bila yai. Yeye na Gurdon walipewa Nobeli pamoja mwaka 2012. Moja ya zile nne, c-Myc, ni jeni ya saratani inayojulikana, na baadhi ya panya waliotokana na seli hizo waliota uvimbe.