Faulo Uliyoihisi Peke Yako

Haya, tuseme refa hayupo mezani. Faulo anaamua nani?

Tuanzie Marekani. Kwenye pool ya mipira tisa, zamani faulo moja ilisameheka. Kuanzia miaka ya 1980 zikaenea sheria za Texas Express: faulo moja tu, mpinzani anauweka mpira mweupe popote anapotaka. Kwa mabingwa, hapo gemu mara nyingi imekwisha. Kusema kweli kukawa na gharama.

Sheria za dunia zinasema mipira miwili ikigongwa karibu pamoja, isijulikane upi wa kwanza, shaka inamfaidi mpigaji. Una wasiwasi? Simamisha mchezo, mwite mtu aangalie kabla ya pigo. Baadaye ni kelele tu.

Lakini shati lako likigusa mpira mweupe, na umehisi wewe peke yako? Utasema?