Thamani ya Nyumba na Thamani ya Mahali: Habari za Dar es Salaam na Viunga Vyake

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, wakawausia watu wasiridhike na uzuri wa nje kabla ya kuujua undani. Mithali hii yamfaa sana mwenye kutafuta makazi. Lakini mwenye kutafuta thamani haimtoshi. Yeye akiisha kuingia ndani hana budi kutoka tena, asimame barazani, autazame mtaa, kisha aupime mwendo wa kutoka pale mpaka sokoni, bandarini na maofisini. Ukuta hujengwa na fundi. Thamani ya ukuta hujengwa na majirani, na barabara, na maji, na sheria, na wingi wa watu wanaotaka kukaa mahali hapo. Habari za mji wa Dar es Salaam, kwa muda wa miaka zaidi ya 100, zalionyesha jambo hili waziwazi. Tena zaonyesha kwamba hesabu ya thamani ikifanywa nusu, ile nusu iliyoachwa haipotei, bali huchukuliwa na mtu mwingine.

Kwa kupimia jambo hili hakuna kipimo kilicho bora kuliko nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita. Umbo lake lafahamika: mbele pana baraza, mlango wafungukia ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu viko mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, nyuma pana ua, jiko na choo. Zamani ilijengwa kwa nguzo na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Baadaye bati likaondoa makuti, na matofali ya saruji yakaondoa udongo. Umbo halikubadilika. J. A. K. Leslie, aliyechunguza maisha ya mji huu katika miaka ya 1956 na 1957, aliiona nyumba hii kuwa ndiyo makao ya Waafrika wengi wa mjini. Mwenye nyumba aghalabu hukaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki huvipangisha; kwa hiyo nyumba ni makazi, tena ni shamba la mjini livunwalo kila mwezi. Na kwa kuwa nyumba ya Kariakoo, ya Magomeni na ya Buguruni zilikuwa na umbo moja, ikiwa thamani zao zilitofautiana sana, tofauti hiyo haikutoka katika vyumba, bali ilitoka nje ya mlango.

Huko nje ya mlango hapakujitengeneza penyewe. Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860, na Wajerumani waliufanya kuwa makao makuu ya utawala wao mwaka 1891. Mwaka uo huo walitoa sheria ya ujenzi iliyougawa mji kwa aina za majengo. Muda mfupi kabla ya vita vya 1914 serikali yao ilinunua shamba upande wa magharibi ili liwe mahali pa Waafrika. Na wakati wa vita Waingereza wakaweka huko kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, ambao jina lao liligeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Mwaka 1924 Waingereza waliuthibitisha mgawanyo wa sehemu tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu za kukaa, ya pili ya biashara na makazi, ya tatu ya nyumba za kienyeji. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja namna ya jengo. Lakini watu walizielewa maana zake, wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Baadaye Oyster Bay ikajengwa kaskazini, mbele ya upepo wa bahari, kuwa kiunga cha maofisa wa Kizungu.

Hapo ndipo thamani ya mtaa ilipoanza kuandikwa kabla ya nyumba kujengwa. Mwenye kiwanja Uzunguni alipata maji, barabara na nafasi. Mwenye kiwanja Uswahilini alipata safu ya viwanja vilivyobanana, na huduma zikamfikia nyuma ya wenzake. Kilichozidi kuwatenga ni haki ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda ambao uliweza kufika miaka 99. Lakini wengi wa wenye nyumba wa Kariakoo hawakupewa miaka hiyo. Walikaa kwa haki ya muda mfupi, wakilipa kodi ya kiwanja. Mtu asiyekuwa na hakika ya kesho hajengi kwa mawe, wala hakuna benki iliyokuwa tayari kumkopesha. Alijenga kwa udongo, kwa sababu udongo ndio ulioafikiana na haki aliyopewa. Kisha thamani ya nyumba yake ilipotafutwa, ilihesabiwa kwa udongo huo. Sheria iliyouzuia ukuta usiwe imara ndiyo iliyokuja kuuhesabu ukuta peke yake.

Wakati huo mji haukusimama. Mwaka 1957 palihesabiwa watu zaidi ya 128,000. Mwaka 1967 wakawa zaidi ya 272,000. Na hesabu ya mwaka 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa mzima. Baada ya Vita vya Pili Waafrika wengi walipimiwa viwanja Magomeni, Temeke na Kinondoni, na Upanga ikajengwa zaidi na Wahindi. Vilikuwa viunga kwelikweli, yaani mahali ambapo mtu alihesabu safari kabla ya kuhesabu pango. Lakini kiunga cha baba huwa katikati ya mji wa mjukuu. Magomeni, ambayo zamani ilikuwa ng'ambo ya bonde la Msimbazi, leo iko karibu na mjini kuliko mitaa mingine mingi iliyozaliwa baada yake. Na tangu mabasi yaendayo haraka yalipoanza kupita katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, ukaribu huo umezidi. Mwenye nyumba hakuongeza tofali hata moja. Mji ndio uliokuja ukamkuta alipo.

Uhuru ulipokuja, swali la thamani lilijibiwa kwa namna mpya. Mwalimu Julius Nyerere alishikilia kwamba ardhi ni ya wote, na kwamba haifai mtu atajirike kwa kushikilia kipande cha nchi huku wengine wakifanya kazi kukizunguka. Mwaka 1963 milki za daima zikageuzwa kuwa za kukodi kwa serikali kwa miaka 99, na mwaka 1969 hizo nazo zikageuzwa kuwa haki za kutumia ardhi. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia. Kanuni ilikuwa moja: ardhi tupu haina bei, kinachostahili kulipiwa ni jasho lililomwagwa juu yake.

Kanuni hii ilikuwa na heshima yake, wala haifai kuidharau. Ilitambua jambo la kweli, kwamba thamani ya mahali ni kazi ya wengi, na ikakataa mmoja kuila peke yake. Lakini sokoni haikutiiwa. Watu waliendelea kununua na kuuza mahali, ila waliyaficha maneno: mkataba ulitaja kibanda, au minazi, au mikorosho, na bei iliyoandikwa ilizidi mno bei ya mti wowote. Aliyejua siri ya soko alipata bei ya mahali; aliyeondolewa kwa amri, ili barabara au kiwanda kipite, alilipwa bei ya ukuta. Basi kanuni iliyokusudiwa kumlinda mnyonge ilimbana yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Baada yake ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5. Ardhi ilibaki mali ya umma chini ya Rais. Lakini sheria ilikiri kwamba haki iliyo juu ya ardhi ina thamani, na kwamba fidia yapasa iwe kamili, ya haki na ya upesi. Kanuni za mwaka 2001 zikataja bei ya soko kuwa ndiyo msingi wa fidia hiyo. Tangu hapo mthamini ana njia tatu halali. Anaweza kuilinganisha nyumba na nyingine za mtaa zilizouzwa karibuni. Anaweza kuhesabu pango ambalo nyumba yaweza kuleta. Au anaweza kukadiria gharama ya kuijenga upya, kisha akapunguza uchakavu. Njia mbili za kwanza huusikiliza mtaa. Ya tatu huusikiliza ukuta, isipokuwa mthamini akumbuke kuongeza thamani ya kiwanja.

Uzito wa tofauti hiyo ulionekana Kariakoo. Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, maduka yalifurika huko, na nyumba za vyumba sita zikaanza kubomolewa ili maghorofa yasimame. Watu wengi waliingia ubia: mwenye kiwanja huleta kiwanja, mwenye fedha huleta jengo, kisha wakagawana sakafu. Mzee aliyeambiwa kwamba nyumba yake ni kuukuu, kwamba bati limeliwa na kutu na ukuta umepasuka, aliambiwa kweli. Lakini akikubali kugawana kwa hesabu ya bati na ukuta, amewatoa warithi wake katika urithi mkubwa, maana mwenye fedha hakuifuata nyumba ile, aliufuata mtaa. Babu zake ndio waliokaa Kariakoo ilipokuwa haitakiwi, wakaifanya kuwa soko. Hakuna mtu anayestahili fungu la thamani ya mahali kuliko wao.

Hata hivyo, mtaa hutoa na mtaa hutwaa. Katika bonde la Msimbazi mtu aweza kujenga nyumba imara, yenye vigae na madirisha ya vioo, na bado thamani yake ikawa ndogo, kwa sababu maji hurudi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalizifikia nyumba nzuri na mbovu pamoja, na waathiriwa wengi wakahamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini. Waliopelekwa huko walipata viwanja vikavu. Lakini walioishi kwa vibarua vya Kariakoo walipoteza ukaribu wa kazi, kitu ambacho hakuna fundi awezaye kukijenga upya.

Kodi nayo ina la kufundisha. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukusanywa pamoja na umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Njia hii ni rahisi, na watu wengi hulipa bila usumbufu. Lakini nyumba ya chini ya Oyster Bay na nyumba ya chini ya Mbagala zilitozwa sawasawa, kana kwamba mtaa si kitu. Thamani ambayo umma umeijenga kwa barabara na mabomba yake haikuurudia umma.

Kwa hiyo nyumba ina hesabu tatu: ya ukuta, ya mtaa na ya mji. Ya kwanza ni ya aliyejenga, na alipwe yote. Ya pili ni ya waliokaa na kuutunza mtaa, na wasinyimwe kwa kuwa kuta zao ni za udongo. Ya tatu ni ya mji mzima, na mji una haki ya kudai fungu lake kwa kodi iliyo sawa na mahali. Nyerere aliiona hesabu ya tatu, na sheria ya mwaka 1999 ikaikiri ya pili. Kazi iliyobaki ni kuziweka zote tatu katika daftari moja, ili anayehamishwa kwa amri na anayeuza kwa hiari yake wapimwe kwa kipimo kilekile.