Reli ya Kusukumwa kwa Mikono: Mombo hadi Handeni

Ukifungua ramani ya Tanzania leo, huoni reli inayotoka Mombo kwenda Handeni. Iliwahi kuwapo. Ilianzia chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe, ikavuka mto Pangani pale Mkalamo, kisha ikaingia nchi ya Wazigua. Ilikuwa kazi ya wahandisi wa Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwangu mimi inaieleza vita ile kuliko pigano lolote lililopiganwa huku.

Chanzo chake ni pengo. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua mwaka 1899. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Hizo mbili hazikuunganishwa. Baina ya reli hizo palikuwa na takriban kilomita 200 za pori na mito, na vita ilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zikaifunga njia ya bahari.

Thamani ya reli ilionekana mapema. Novemba mwaka huo, Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliwateremsha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakawahi Tanga, na jeshi kubwa la Waingereza lililoletwa kutoka India likarudi melini limeshindwa.

Kuziba pengo lile kulihitaji vyuma, na vyuma vipya havikuwa vikija kutoka Ulaya. Wahandisi wakaenda mashambani. Mashamba ya walowezi yalikuwa na reli nyembamba za kubebea mazao, upana wake sentimita 60. Ziling'olewa huko, zikatandikwa upya kuelekea Handeni. Garimoshi halikuwekwa. Toroli zilisukumwa na watu, juani na mvuani, zimejaa chakula na zana za vita. Zilipofika Handeni, mzigo ulihamia vichwani mwa wapagazi hadi Reli ya Kati. Tunapowasifu wahandisi kwa werevu wao, tukumbuke kwamba injini ya reli hii ilikuwa miguu na mabega ya babu zetu.

Mwaka 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, alisukuma majeshi yake kufuata bonde la Pangani. Reli ya toroli ikawa njia ya Wajerumani kurudi nyuma. Tarehe 9 Juni yalizuka mapigano Mkalamo, pale pale reli ilipovuka mto; kabla mwezi haujaisha, Korogwe na Handeni zilikuwa mikononi mwa Waingereza.

Ndugu msomaji wa Mombo, Mkalamo au Handeni, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake habari za toroli zile, keti naye uandike anachosema, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji.