Sauti ya Muhammad Ali ilipopita Dar

Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali Afrika, atushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Kituo cha kwanza: Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere, mzee wetu wa Butiama, akakataa kumpokea. Jambo zito la kiserikali analetewa na bondia? Waandishi nao wakambana Ali: mbona Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976, kwa sababu New Zealand ilicheza raga na makaburu, Marekani haikutuunga mkono? Jamaa akakiri kwamba hilo hakuwa ameambiwa. Tanzania ikaenda Moscow, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, Musoma, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000.

Hayo wengi tunayajua. Kisichosimuliwa sana ni sauti yenyewe. Huyu alikuwa bingwa wa kuchonga kabla hata ya kurusha ngumi. Mwaka 2017 watafiti wa Arizona walipima mahojiano yake ya zamani. Mwaka 1968 alitamka silabi 4.1 kwa sekunde. Kufikia 1981 zilibaki 3. Yaani aliposhuka Dar, ulimi ulikuwa katikati ya safari hiyo, na madaktari walikuja kuutaja ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984.

Parkinson huua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kujongea vizuri. Sote tunaangalia mkono unaotetemeka, tunasahau kwamba kupumua, kutoa sauti na kutamka ni kazi ya misuli pia. Misuli ikijongea kidogo na polepole, sauti hufifia na maneno hugandana. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe huona anaongea kawaida, nyie ndio hamsikii!

Na hapa kwetu? Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Dawa zipo, haziponyi, ila hupunguza makali, na mazoezi ya sauti husaidia.

Kwa hiyo kule Kabasa, babu aliyekuwa akinguruma kwenye vikao vya ukoo akianza kunong'ona, tusikimbilie kusema "uzee huo". Ali alipofika Dar alikuwa na miaka 38 tu.