Taarabu na Mahadhi ya Kuazima

Taarabu ya Unguja ilianzia ikulu. Husimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ala ya kanuni. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliuendeleza muziki huo wa udi, kanuni na fidla, na nyimbo zake za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, ndiye aliyeieneza taarabu kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikafika kwa watu ambao wasingeweza kukanyaga kasri. Hapo ndipo taarabu ilipopata mhimili wake: mahadhi yaliweza kutoka popote, lakini shairi lilikuwa la Kiswahili, lenye vina na mizani.

Mitaani, taarabu ilikutana na ngoma ikazaa kidumbak. Ngoma mbili ndogo hushika mwendo, fidla ikaongoza wimbo, na besi hutoka kwenye sanduku la chai lililopinduliwa: fimbo husimamishwa juu yake na kufungwa uzi mmoja, mpigaji akauvuta au kuulegeza kupandisha na kushusha sauti. Ala hiyo ya kuungaunga haina unyonge wowote mbele ya ala za kasri, maana ndiyo inayowainua watu kucheza harusini.

Mombasa iliazima kwa uwazi zaidi. Nyimbo za filamu za Kihindi zilisikika sinema, wanamuziki wakayashika mahadhi yake, na washairi wakayatungia maneno mapya. Mwimbaji Juma Bhalo ndiye aliyevuma kwa mtindo huo, na mashairi yake mengi yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir. Kumwita Bhalo mwigaji ni kumwonea: msikilizaji wa Mombasa alilikariri shairi, akabishana kuhusu fumbo lililomo, hata kama filamu yenyewe hakuwahi kuiona.

Tanga, katika miaka ya 1960, kikundi cha Black Star kiliingiza magitaa ya umeme na kuisogeza taarabu karibu na muziki wa dansi. Miaka ya 1990 ukaja mtindo wa rusha roho wa vikundi vya TOT na Muungano: kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla nyingi, mafumbo yakapisha mipasho ya waziwazi, na wasikilizaji waliozoea kukaa vitini wakainuka kucheza.