Mguu Usiosikia Nyundo

Msomaji, ikiwa umepata kuvunjika mguu, huhitaji kuambiwa kwamba mateso hayakomi daktari aungapo mfupa. Aliyelazwa kwa nusukaputi huamka, na maumivu huamka pamoja naye. Sikiliza basi jinsi wanadamu walivyojifunza kuutia ganzi mguu peke yake.

Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini hulitia jicho ganzi. Habari hizo zilipofika New York, William Halsted alianza kuipiga sindano dawa hiyo karibu na mshipa wa fahamu, yaani uzi upelekao habari za maumivu kwenye ubongo. Uzi ukizibwa, sehemu yote iliyoutegemea hufa ganzi. Lakini Halsted aliijaribu dawa katika mwili wake mwenyewe, nayo ikamfanya mtumwa wake.

Agosti 1898, katika mji wa Kiel, Ujerumani, August Bier alimpiga msaidizi wake, Hildebrandt, sindano ya kokeini katika uti wa mgongo. Kisha akampiga kwa nyundo ya chuma kwenye muundi, wala Hildebrandt hakuona uchungu. Hata hivyo walilipia elimu hiyo. Bier naye alikuwa ametobolewa mgongo, akalala kitandani siku tisa.

Kwa kuwa kokeini ilikuwa na hatari, ikatafutwa dawa iliyo pole zaidi. Alfred Einhorn akatengeneza prokeini, na mwaka 1905 Heinrich Braun akawaonyesha madaktari wenziwe matumizi yake.

Siku hizi daktari huutazama mshipa wa fahamu kwa chombo cha mawimbi ya sauti, akatia dawa kandokando yake: kinenani ikiwa limevunjika paja, au nyuma ya goti ikiwa umevunjika muundi. Mgonjwa hupata nafuu kwa saa nyingi baada ya kupasuliwa.

Lakini usidhani kwamba maumivu ni adui tu. Ni mlinzi pia. Mguu uliovunjika huweza kuvimba ndani hata damu ikakosa njia, na uchungu uzidio kiasi ndio hupiga mbiu ya kwanza. Kwa hiyo daktari mwenye busara hupima kwanza kabla ya kumlaza mlinzi huyo. Na akishamlaza, yeye na wauguzi hukesha mahali pake.