Washkaji, Farasi na Mlima Longido: Matembezi Yaliyogeuka Vita

Siku hizi picha ya washkaji wanne juu ya farasi, msitu wa Mlima Kenya nyuma yao, inapata laiki kibao. Watu wanaona ni mambo mapya ya wenye hela. Wala si mapya. Kuna kundi lililoanza hivyohivyo mwaka 1914, na mwisho wake haukuwa mzuri hata kidogo.

Kwanza, umewahi kujiuliza kwa nini farasi wa kupanda huku kwetu wako zaidi sehemu za baridi? Jibu ni mbung'o. Akimng'ata farasi anamwachia nagana, na farasi anakonda mpaka anakufa. Halafu kuna visubi wa mvua na joto, nao wana ugonjwa wao. Kwenye baridi ya milimani wadudu hawa hupungua, ndiyo maana walowezi waliweka mazizi yao huko. Pundamilia yeye ni mwenyeji, nagana haimsumbui sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 daktari mmoja Mgoa pale Nairobi alikuwa akienda kuwaona wagonjwa wake akiwa amepanda pundamilia. Kweli kabisa, na picha ipo.

Turudi kwa washkaji. Agosti 1914 vita ilipotangazwa, walowezi wa Kenya walimiminika Nairobi, kila mtu na farasi au nyumbu wake na bunduki yake ya kuwindia. Waliokuwa marafiki waliingia kikosi kimoja. Wengine walitengenezewa mikuki ya mianzi! Kuna hata farasi aliyepakwa rangi ya milia ili adui adhani ni pundamilia. Kwa jinsi walivyochangamka, ungedhani wanakwenda pikiniki.

Usiku wa kuamkia Novemba 3 wakapelekwa Longido, ng'ambo ya mpaka, wakiwa sehemu ya jeshi la watu kama 1,500. Longido ni mlima wa zaidi ya mita 2,600, chini vichaka vya miiba, juu msitu na ukungu. Wajerumani walikuwa wameshajipanga. Asubuhi ukungu ukashuka, vikundi vikapotezana, risasi zikaanza kutoka vichakani. Kilichowamaliza hasa ni kiu: nyumbu waliobeba maji walishtuka wakatimka na mizigo yao. Mlima mzima, jua limeshatoka, hakuna tone. Jioni wakaanza kurudi Namanga, na baadhi ya marafiki wale walibaki mlimani. Kinachouma zaidi, wiki mbili baadaye Wajerumani waliondoka Longido wenyewe.

Hapo mbung'o alikuwa bado hajaanza kazi. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini waliletwa kwa wingi, na Aprili wakapelekwa mbio Kondoa Irangi katikati ya masika. Mamia ya farasi walikufa njiani. Waliletwa wengine, nao wakafa. Kadiri jeshi lilivyoshuka kusini kwenye joto ndivyo mizoga ilivyozidi barabarani, mpaka ikafika mahali mpanda farasi anatembea kwa miguu kama askari mwingine yeyote.

Lakini risasi na unga lazima vifike. Farasi na nyumbu wakiisha, nani abebe? Watu walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, mzigo kichwani, chakula kidogo, blanketi moja. Hawa hawakuwa wamejiandikisha na marafiki zao kwa furaha. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Walowezi waliokufa majina yao yalichongwa kwenye mawe. Wapagazi wengi hata kaburi halijulikani.

Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalitengeneza jina hilo upya, likabaki pale Dar palipokuwa na kambi yao, na makonda wa daladala wanalipigia kelele kila asubuhi: Kariakoo, Kariakoo!